Chupa za soda Kisumu: Historia iliyo hatarini kupondwa

CHUPA tupu ya soda haikuwa taka. Kwa miongo mingi katika maduka ya Kisumu, Homa Bay na Mbita, mteja aliyetaka kuondoka na soda alilazimika kuleta chupa tupu ya kubadilisha, au aache amana ya pesa kwa mwenye duka. Kinywaji kilikuwa chake, lakini chupa ilibaki kuwa mali ya kiwanda.

Desturi hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini chupa kuukuu zina majina ya waliozijaza, na pia kwa nini ni adimu leo. Zilirudi kiwandani, zikaoshwa na kujazwa tena hadi zikavunjika, kisha vigae vikayeyushwa.

Biashara ya soda katika eneo hili ilitangulia kuja kwa makampuni makubwa. Reli ya Uganda ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, katika kituo kilichopewa jina la Port Florence. Baadaye jina la Kisumu likarejea.

Pamoja na reli walifika wafanyabiashara Wahindi. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Alidina Visram, aliyekuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda. Mbali na kinu cha kukamulia mafuta mjini Kisumu, alimiliki pia kiwanda cha soda, viwanda vya kuchambulia pamba na karakana za samani. Alifariki 1916, na shule ya upili mjini Mombasa ingali inabeba jina lake.

Kujaza soda ilikuwa kazi ya mfanyabiashara wa karibu kwa sababu ya uzito. Maji ni mzigo mzito, na kioo vilevile. Kuagiza soda kutoka Ulaya kulikuwa ghali, ilhali mtu aliyekuwa na mashine ya kutia gesi, maji safi, sukari na chupa aliweza kuanzisha kiwanda katika chumba kimoja. Jiji la Nairobi nalo, lilipokuwa bado kijiji cha mabati, lilikuwa na kiwanda kidogo cha maji ya soda.

Miongoni mwa chupa zilizoenea sana katika himaya ya Waingereza enzi hizo ni ile iliyobuniwa na Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870. Shingoni mwake mlikuwa na gololi ya kioo. Gesi iliisukuma gololi hiyo juu ikabana mpira uliozunguka mdomo, na mnywaji aliisukuma chini ili soda itoke. Watoto walizivunja chupa hizo ili wapate gololi za kuchezea, ndiposa chupa nzima ya Codd ni tunu kwa wakusanyaji.

Mnamo 1892, Mmarekani William Painter alisajili kifuniko cha bati chenye meno kinachotumika hadi leo. Kifuniko hicho kilizidi kuenea na chupa ya gololi ikaanza kutoweka, ingawa ingali inatumika India na Japani. Watoto hawakukosa mchezo: vifuniko vya bati vikawa kete za drafti.

Coca-Cola ilianza kutengenezwa nchini Kenya mwaka wa 1948, jijini Nairobi. Baadaye eneo la ziwa lilipata viwanda vyake: Equator Bottlers mjini Kisumu na Kisii Bottlers mjini Kisii. Kisii Bottlers iliunganishwa na kampuni za Nyeri na Eldoret kuunda Almasi Beverages, ambayo hisa zake nyingi zilinunuliwa na Coca-Cola Beverages Africa mnamo 2019. Hivyo, jina la mji hufifia hatua kwa hatua katika biashara ya soda.

Umri wa chupa hukadiriwa kwa kuitazama. Mshono wa kalibu ukikoma chini ya mdomo, huenda mdomo huo ulimaliziwa kwa mkono. Mshono ukipanda hadi juu kabisa, chupa ilitengenezwa kwa mashine, na mashine zilienea baada ya Mmarekani Michael Owens kubuni yake mwanzoni mwa karne ya 20. Herufi zilizochomoza kwenye kioo, kwa kawaida, zilitangulia maandishi ya rangi. Alama zilizo kwenye kitako hutambulisha kiwanda cha kioo, na wakati mwingine mwaka.

Hata hivyo, sheria haizilindi chupa hizi. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Reli ilifika Kisumu miaka sita baada ya mpaka huo. Kwa hivyo chupa zilizoletwa na treni, zikafukiwa majaani au kutupwa ziwani, ziko nje ya ulinzi huo. Mwenye kuziponda hana kosa.

Wakati huohuo, chupa za plastiki zimetwaa nafasi kubwa ya kioo. Hazibadilishwi dukani, na nyingi huishia mitaroni na ziwani. Mnamo Juni 5, 2020, Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Mwaka uliofuata, Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyotumika, lilizunguka Ziwa Victoria kuhamasisha wakazi dhidi ya uchafuzi huo. Dawa nyingi zinazopendekezwa leo zinarudia kanuni ya mwenye duka wa zamani: chupa iwe na thamani hata ikiwa tupu.

Kwa anayeokota chupa yenye jina la mji au la mfanyabiashara, jambo la kwanza ni kuandika mahali ilipookotwa na vitu vilivyokuwa karibu nayo, kwani chupa isiyojulikana ilikotoka hupoteza nusu ya habari zake. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, ni mahali pa karibu pa kuulizia. Viwanda vidogo vya aina hiyo huacha karatasi chache, na pengine jina lililo kwenye kioo ndilo ushahidi pekee kwamba mwenyewe aliwahi kuishi na kuuza soda kando ya ziwa.