Kikapu cha kulipwa ng'ambo: Njia isiyopita chuoni na uzito wa saini ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

KIJANA mrefu wa Mbagala aliyemaliza kidato cha nne na mwenye kipaji cha mpira wa kikapu huambiwa mapema kwamba njia ya kufika mbali ni moja tu: apate ufadhili wa masomo Marekani, aingie chuo kikuu, kisha asubiri kuitwa na klabu ya Ligi ya Kikapu ya Marekani (NBA). Hata hivyo, wapo vijana waliozaliwa katika ukanda huu waliofika huko bila kuketi katika darasa la chuo hata siku moja. Wapo pia waliojaribu njia hiyo wasipate walichokitarajia.

Makala haya yanaeleza njia hiyo ya pili, kanuni zinazoitawala, na mambo ambayo kijana na mzazi wake wanapaswa kuyasoma kabla ya kutia saini.

Njia aliyopita Thabeet

Imani ya kwamba lazima kupita chuoni ilitiwa nguvu na mfano wa Hasheem Thabeet. Mchezaji huyo alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma Makongo, kisha akamalizia sekondari mjini Houston, Marekani. Kuanzia mwaka 2006 alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu. Juni 2009, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, maarufu kama drafti. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Chuo kilimfikisha, lakini hakikumpa dhamana ya kudumu. Februari 2010 alishushwa kwa muda katika ligi ya kukuza wachezaji, na kufikia mwaka 2014 alikuwa amemaliza kucheza NBA. Baadaye aliendelea kuishi kwa kikapu akicheza Japani na Taiwan.

Kutoka Lubumbashi hadi Charlotte

Mfano wa njia ya pili ni Bismack Biyombo, aliyezaliwa mwaka 1992 Lubumbashi, mji wa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Akiwa na miaka 16 alionwa na kocha Mreno, Mario Palma, katika mashindano ya vijana nchini Jordan. Kocha huyo alimsaidia kwenda Hispania, ambako alianza katika timu ya daraja la chini kabla ya kupandishwa Fuenlabrada ya ligi kuu.

Aprili 2011, katika mechi ya vijana wa dunia dhidi ya wa Marekani mjini Portland, alifunga pointi 12, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mipira 10. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa saba katika drafti na haki zake zikaenda Charlotte. Hakuwa amesoma chuo chochote.

Jambo lisilosimuliwa sana ni mvutano uliofuata. Fuenlabrada ilikuwa na mkataba naye na ilidai fidia ya kumwachia. Klabu za NBA huruhusiwa kuchangia sehemu tu ya fidia ya namna hiyo. Kinachozidi hubaki kuwa mzigo wa mchezaji. Suala hilo lilimalizika, lakini linaonyesha kwamba karatasi aliyoitia saini kijana asiyejulikana inaweza kumdai siku jina lake litakapokuwa kubwa.

Wamarekani walivyoifungua njia

Tangu mkataba wa kazi wa NBA wa mwaka 2005, mchezaji wa Marekani hawezi kuingia drafti mpaka atimize miaka 19 ndani ya mwaka huo, na uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari. Wengi waliutumia mwaka huo chuoni. Brandon Jennings alikataa. Mwaka 2008 alikwenda Roma, Italia, kucheza kwa mshahara, na mwaka uliofuata Milwaukee Bucks ilimchagua wa kumi.

Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alikwenda Guangdong, China, mwaka 2014 kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 1.2. Jeraha la kifundo cha mguu lilimfanya acheze mechi chache, lakini mwaka 2015 alichaguliwa wa saba.

Jeremy Tyler hakubahatika hivyo. Mwaka 2009 aliacha sekondari kabla ya mwaka wa mwisho na kujiunga na Maccabi Haifa ya Israel. Aliondoka kabla msimu haujaisha, na katika drafti ya 2011 alisubiri hadi nafasi ya 39.

Kwa kijana anayetoka moja kwa moja Tanzania, sharti ni jepesi zaidi, kwani anachotakiwa ni kutimiza miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti. Lakini akihitimu sekondari Marekani, huhesabiwa kwa kanuni za Wamarekani.

Goma na Kampala

Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alikwenda Marekani mwaka 2016. Alipohitimu sekondari aliviacha vyuo vilivyomtaka na kujiunga na Ignite, timu iliyoanzishwa na ligi ya kukuza wachezaji ya NBA mwaka 2020 ili kuwalipa vijana wa umri huo. Alichaguliwa wa saba mwaka 2021, na Juni 2022 alitwaa ubingwa akiwa na Golden State Warriors.

Timu ya Ignite ilifungwa mwaka 2024, na sababu kubwa ilikuwa fedha kuhamia vyuoni. Tangu mwaka 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kunufaika na majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Hata hivyo, mwanafunzi wa kigeni hubanwa na masharti ya viza kuhusu kazi.

Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, alishika njia ya katikati. Alilelewa katika akademi ya NBA iliyopo Saly, Senegal, akacheza na watu wazima katika Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), ikiwamo timu ya City Oilers ya Uganda mwaka 2024. Mlango wa chuo ulibaki wazi, akajiunga na Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi.

Kabla ya kutia saini

Mifano hii inaonyesha kwamba hoja si chuo au fedha peke yake. La msingi ni kama saini ya kwanza inaacha mlango mwingine wazi au inaufunga.

Kwanza ni umri. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa (FIBA) haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kucheza, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe cha kweli. Umri uliopunguzwa ili kumfurahisha wakala unaweza kumzuia kijana ambaye angekwisha kuruhusiwa.

Pili ni barua ya ruhusa ya uhamisho kutoka Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF). Sababu ya kuinyima ni mkataba wa klabu ambao haujaisha, hivyo hata karatasi aliyosaini na timu ya mtaani isomwe upya.

Tatu ni wakala. FIBA hutoa leseni kwa mawakala, na mzazi ana haki ya kutaka kuiona kabla ya kutoa hati ya kusafiria ya mwanawe.

Nne ni vifungu vya mkataba. Isomwe fidia ya kuvunja mkataba, nani anatibu jeraha, nani analipa tiketi ya kurudi, na kama limetajwa Baraza la Usuluhishi wa Kikapu la Geneva (BAT), lililoanzishwa mwaka 2007. Baraza hilo husikiliza madai pale tu pande zote zilipokubaliana kulitumia. Bila kifungu hicho, kijana ambaye hajalipwa mshahara huenda akalazimika kuidai klabu katika mahakama za nchi ya mbali, kwa lugha asiyoijua.