Zebaki ya Geita na Ubongo wa Mchimbaji

Historia ya dhahabu ya Geita na Shinyanga huandikwa kwa wakia na fedha. Aghalabu husahauliwa kuwa imeandikwa pia katika mikono itetemekayo. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, dhahabu haikwisha ardhini. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika, toka Rwamagasa hata Kahama, wakasaga mawe kwa karasha, wakaosha mchanga mialoni, na kuinasa dhahabu kwa zebaki. Donge lipatikanalo huchomwa motoni: zebaki hutoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, ukapita damuni hata ubongoni. Wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa kuwapima watu wa Rwamagasa mwaka 2003 waliwakuta wachomaji wa zebaki wakiwa na dalili zake: kutetemeka na kuyumba.

Je, ubongo uliodhurika hivyo waweza kupona? Mwanzoni mwa karne ya 20 Santiago Ramón y Cajal, bingwa wa Hispania, alifundisha kuwa njia za ubongo wa mtu mzima zimekwisha kufungika. Lakini mwaka 1969 Geoffrey Raisman, huko Uingereza, alionyesha katika panya wazima kuwa nyuzi za neva zilizosalia huchipua na kushika nafasi za zile zilizokatwa. Neva iliyokufa hairudi. Ila jirani zake huweza kuipokea kazi, mfano wa wanakijiji walimao shamba la mgonjwa.

Hata hivyo, ujirani huo wahitaji utulivu. Aliyeacha kuvuta mvuke huweza kuona mikono ikitulia kadiri miezi ipitavyo; achomaye kila jioni huubomoa usiku ule ule ubongo unaojijenga. Naye mtoto aliye tumboni hana hiari yoyote.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Lakini amwambiaye mchimbaji aache, hana budi kumwambia pia atakula nini. Kipo chombo chenye kifuniko na bomba, kinachounasa mvuke na kumrudishia mwenyewe zebaki yake. Kwa mchomaji wa Rwamagasa, basi, matibabu ya ubongo huanzia hapo motoni, kabla ya kufika kwa mganga.