Asili ya Majina ya Silinda, Koni na Prisma

Nyumba ya jadi ya Wabukusu, huko Bungoma na kandokando ya Kitale, magharibi mwa Kenya, ina ukuta wa udongo wa mviringo na paa la nyasi lililochongoka. Katika hesabu ukuta huo huitwa silinda na paa huitwa koni. Majina yote mawili ni ya Kigiriki, nayo yalitumika mtaani kabla ya kuingia katika hesabu. Kylindros kilikuwa kitu cha kubingirishwa, kama gogo. Konos lilikuwa tunda gumu la msonobari.

Kybos, yaani mchemraba, ilikuwa dado ya kuchezea. Sphaira ulikuwa mpira. Prisma ni kitu kilichokatwa kwa msumeno, jina lililotoka karakana ya seremala. Euclid, aliyeandika Elementa yapata mwaka 300 KK, aliyakuta majina haya tayari. Kazi yake katika kitabu cha 11 ilikuwa kuyapa fasili kamili. Maumbo yenye nyuso nyingi yaliitwa kwa idadi pamoja na hedra, yaani kiti au kikalio: tetrahedroni ina vikalio vinne, oktahedroni vinane, ikosahedroni ishirini.

Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. Koni ni pia, kama ile ya watoto ya kuzungusha. Prisma ni mche, neno linalotumika pia kwa sabuni ndefu ya kukatwa vipande, na kutokana nalo yakaundwa mcheduara na mchemraba. Maneno haya hufundishwa Tanzania, ambako hesabu za shule za msingi husomwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Bungoma hukutana na majina ya Kiingereza tu, na hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mche wa sabuni anaufahamu tangu utotoni.

Vipimo vya nyumba ile navyo vina historia. Paa likiwa na kitako na kimo sawa na vya ukuta, nafasi iliyomo ndani yake ni theluthi moja ya nafasi iliyozungushiwa ukuta. Mwanafalsafa Mgiriki Democritus alilitambua hilo, na mwanahisabati Eudoxus wa Knidos akalithibitisha katika karne ya 4 KK. Euclid aliuweka uthibitisho huo katika kitabu cha 12.