Nani apite kwanza, kutoka Itigi mpaka Tabora

Leo nina kisa cha barabarani, halafu tutarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja na sitini. Mnivumilie.

Mwezi uliopita nilikuwa naendesha kutoka Itigi kwenda Tabora. Lami imenyooka, pori kulia na kushoto, ukisinzia umekwisha. Nyuma yangu likatokea basi. Likaniwashia taa, likapiga honi, kisha likaniovateki tukiwa tunapanda kilima, mstari wa katikati haujakatika, na kule mbele lori linakuja. Lori likatoka nje ya lami, vumbi likatimka, sote tukapona. Sasa mimi kwenye kioo cha mbele nina ile kamera ndogo ya kurekodi barabara. Namba za basi ninazo, lori ninalo, vumbi ninalo. Nikafika Tabora na hamu moja tu: kuimwaga ile video kwenye magrupu ya WhatsApp watu wamwone huyo bwana.

Kabla sijaimwaga, usiku nikachukua kitabu nilichokuwa nakisoma cha Richard Burton, kile cha mwaka 1860 kuhusu safari yake ya maziwa makuu. Nikacheka peke yangu. Ugomvi wa nani apite kwanza kwenye njia ile ni mkongwe kuliko gari lolote!

Pori hilo la Itigi ni sehemu ya lile lililoitwa Mgunda Mkali. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara kutoka Bagamoyo ililivuka kwa miguu, maji ya kubahatisha, ndipo itokee Tura, na baada ya hapo Unyanyembe, yaani Tabora na vitongoji vyake. Burton na mwenzake John Speke waliingia Kaze, ambayo leo imo ndani ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Ilikuwa siku ya 134 tangu watoke pwani. Basi la leo linatumia siku moja na bado lina haraka.

Msiwaze barabara pana. Ilikuwa njia ya mguu, watu wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine, mzigo begani au kichwani. Mbele anatangulia kirangozi, na hakuna asiyemjua: vazi jekundu, manyoya kichwani, bendera nyekundu mkononi, na mpiga ngoma nyuma yake. Burton anasema ilikuwa marufuku kumpita kirangozi. Mpagazi akimpita, anachomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, ili mwisho wa safari ya siku hiyo atambulike na atozwe faini. Hiyo ndiyo ilikuwa faini ya kuovateki. Hakuna tochi, hakuna trafiki aliyejificha nyuma ya mwembe, wala hakuna madereva wa kuwashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Na ilifanya kazi, nadhani, kwa sababu kila mtu aliona podo la mwenzake limepungua.

Na misafara miwili ikikutana uso kwa uso? Hapo ndipo patamu. Kama mmoja unaongozwa na Mwarabu, huo ulidai njia. Kama yote ni ya Wanyamwezi, wangeweza kupigana kweli, ila kwa adabu yake: upinde unakuwa fimbo, mkuki unakuwa rungu, hakuna kuchomana. Wakiwa marafiki, makirangozi wawili wanasogeleana kwa madaha, wanatazamana kwa pembeni, kisha ghafla wanainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Nyuma yao msafara mzima unafanya vivyo hivyo, na mambo yanaishia kwenye kicheko. Baada ya hapo upande ulio dhaifu unapisha, na unatoa kitu kidogo juu yake. Mwenye nguvu anapita kwanza, sawa na basi na kigari changu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na namna ya kumalizana palepale, na wanaonana nyuso.

Ila daftari alikuwa nalo nani? Burton. Katika kitabu chake wapagazi ni wavivu, ni wezi, ni wabishi, ni watoro, ukurasa baada ya ukurasa. Yeye mwenyewe mara yuko juu ya punda, mara homa imemwangusha anabebwa kwenye machela, na wanaombeba ni watu wa aina ileile anaowatukana. Wapagazi hao, wengi wao watu huru waliotembea kwa ujira, hawakuacha daftari lao tukasoma upande wa pili. Sembuse watumwa waliofungwa na kupelekwa pwani kwa njia ileile.

Chukueni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akafika India, akarudi. Alipita Tabora na Burton na Speke, akarudi na Speke safari iliyoanza 1860, akaja na Stanley mwaka 1871, halafu na Cameron. Stanley ameandika kwamba pengo la meno ya mbele ya Bombay lilitokana na ngumi ya Speke, na anavyolieleza utadhani Bombay ndiye mkosaji. Bombay hakuandika kitabu. Pengo tunalijua kwa sababu mwenye kalamu hakuona haja ya kulificha.

Basi nikafungua video yangu. Kamera yangu huandika mwendo kwa tarakimu ndogo chini ya picha. Kabla basi halijatokea ubavuni, niko 80. Likianza kunipita, tarakimu zinapanda: 86, 91, 97. Nilikuwa nakanyaga mafuta ili lisipite! Na sauti yangu imo, maneno ambayo mama yangu asiyasikie.

Nikampelekea binamu yangu kwanza. Akajibu: "Kaka, kata hapo mwanzo, anzia basi likiwa mbele yako, halafu rusha." Dakika mbili tu na kazi imekwisha.

Nimekaa nayo wiki tatu. Jana nimeipeleka kwa trafiki ikiwa nzima, na tarakimu zake na matusi yake. Wakiniita nitawaambia.