Nyota, kombaini, bonanza

Kwa miaka mingi, msimu ukifika katikati, NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ilisimamisha ratiba siku chache ili wachezaji wake wakubwa wakutane kwenye mechi moja isiyo na pointi. Kiingereza kinaiita All-Star Game. Mhariri wa michezo anayeipokea habari hiyo usiku, ukurasa ukisubiri kwenda mtamboni, hana nafasi ya kufungua kamusi tatu. Ataandika la kwanza linalomjia, na la kwanza ni "mechi ya nyota wote". Hapo ndipo shida inapoanza.

"Nyota wote" inaahidi kisichokuwepo. Msomaji atadhani kila nyota wa ligi yumo uwanjani, kumbe wapo wakubwa kadhaa waliobaki nyumbani: huyu majeruhi, yule kura hazikumtosha, mwingine kapisha kiti kwa sababu ilitakiwa kila timu ya ligi iwe na mwakilishi, hata iliyoshika mkia. Maana iliyokusudiwa ni kikosi ambacho kila aliyemo ni nyota. Mtu wa mtaani angesema "kikosi cha nyota watupu", na angekuwa amepatia, ingawa neno "watupu" kwenye kichwa cha habari cha mchezo wa barafuni lingeleta kicheko kisichohitajika.

Neno nyota lenyewe halina ubaya. Limeshazoeleka kwenye kurasa za michezo kiasi kwamba limehama ngeli. Nyota ya angani ni hii, na nyota za angani ni zile. Nyota wa uwanjani ni huyu, na wenzake ni hawa. Ndiyo maana "nyota wa ligi" ni wachezaji, na anayeandika "nyota za ligi" anawarudisha mbinguni. Nitalirudia neno hili baadaye, kwa sababu lina maana nyingine ambayo wanamichezo wa Amerika Kaskazini waliigundua kwa njia ya ajabu mwaka 2016.

Kwanza mchezo. "Mpira wa magongo" tunao tangu zamani, lakini ni ule wa kwenye nyasi au zulia. Wa barafuni hauna kitu cha umbo la tufe: kinachopigwa ni kisahani cheusi chenye unene wa sentimita 2.5, kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 170 hivi, tena kinagandishwa kabla ya mechi kisidunde. Hata hivyo kisahani hicho kimetengenezwa kwa mpira, ule wa utomvu, kwa hiyo asiyetaka kuachana na "mpira wa magongo wa barafuni" ana hoja. Mimi nafuata "hoki ya barafuni" kwa ufupi wake. Jijini Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, wapo vijana wa timu ya Ice Lions ambao kwao mchezo huu si habari ya ughaibuni. Mwaka 2018 baadhi yao walipelekwa Kanada kucheza mechi, wakashtukia nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wanaingia chumba cha kubadilishia nguo kuvaa jezi za upande wao. Ile ilikuwa mechi ya kirafiki hasa.

Ya nyota si ya kirafiki. Mechi ya kirafiki huchezwa na timu mbili zilizopo: zina makao, zina makocha, kesho zitaendelea kuwepo. Kikosi cha nyota huzaliwa asubuhi na kufa usiku. Wachezaji wake wamekopwa kutoka timu ambazo wiki iliyopita zilikuwa zikigongana na wiki ijayo zitagongana tena. Kwa timu ya namna hiyo Tanzania ina neno lake, tena la siku nyingi: kombaini. Kombaini ya mkoa kwenye michezo ya shule huundwa kwa kuchagua huyu kutoka sekondari hii na yule kutoka ile. Kombaini ya jeshi vivyo hivyo. Neno limetoka Kiingereza, sawa, lakini lilipofika kwetu lilipata kazi ambayo Waingereza hawakulipa. Ajabu ni kwamba watafsiri wanalikimbia, nadhani kwa sababu linanuka vumbi la viwanja vya shule. Ndilo ninalolitetea hapa: timu iitwe kombaini ya nyota, na mechi iitwe mechi ya kombaini ya nyota, au "mechi ya nyota wa ligi" pale nafasi inapobana.

Historia inaliunga mkono. Tarehe 12 Desemba 1933, mjini Boston, beki Eddie Shore wa timu ya mji huo alimgonga kwa nyuma Ace Bailey, winga wa Toronto. Bailey alianguka kichwa kikitangulia, fuvu likapasuka. Siku kadhaa haikujulikana kama angepona. Alipona, baada ya kupasuliwa, lakini hakucheza tena hoki. Ili kumchangia yeye na familia yake, ligi iliandaa mechi tarehe 14 Februari 1934 kwenye ukumbi wa Maple Leaf Gardens, Toronto: upande mmoja timu yake ya zamani, upande wa pili wachezaji bora waliochaguliwa kutoka timu nyingine. Miongoni mwa waliochaguliwa alikuwemo Shore.

Kabla ya mchezo, Bailey alisimama juu ya barafu akiwa na nguo zake za kawaida na miwani, akawakabidhi wachezaji jezi mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Shore ilipofika, ukumbi uliojaa watu wa Toronto ulinyamaza. Wawili hao wakapeana mikono, na hapo watu wakalipuka kwa shangwe. Toronto ilishinda 7-3. Zaidi ya dola 20,000 zilipatikana, na jezi namba 6 ya Bailey ikastaafishwa, ya kwanza katika ligi hiyo.

Hii kwa Kiswahili ni mechi ya hisani, wala haihitaji mjadala. Tunazijua: mwaka 2018 timu ya Mbwana Samatta na timu ya Ali Kiba zilikutana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya kuchangia elimu, na hakuna aliyeuliza aina ya mechi ile ni ipi. Hoki iliendelea kwa mtindo huohuo mwaka 1937, alipofariki Howie Morenz wa Montreal, na mwaka 1939, baada ya Babe Siebert, naye wa Montreal, kufa maji. Kila mara kombaini iliundwa kwa sababu kuna nyumba yenye msiba.

Mabadiliko yalikuja 1947. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo, palepale Toronto, mechi ilichezwa bila mgonjwa wala marehemu, ikawa ya kwanza katika mfululizo rasmi wa kila mwaka. Bingwa wa Kombe la Stanley, yaani taji la ligi hiyo, Toronto, alikutana na kombaini ya timu zilizobaki akafungwa 4-3. Mapato yalisaidia mfuko mpya wa pensheni wa wachezaji. Kwa hiyo hata ilipokuwa ya kila mwaka, hisani haikuondoka mara moja, ila ilihama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa uzee wa wote. Ligi ilipotoka timu 6 kufikia 12 mwaka 1967, mtindo wa bingwa dhidi ya wengine ulianza kupitwa na wakati, na mwaka 1969 zikacheza kombaini mbili, Mashariki na Magharibi. Zikatoka sare 3-3.

Sasa sehemu ya pili ya istilahi. Wanaoandika kwa Kiingereza huongeza kwamba mechi hii ni ya kuonyesha tu, yaani matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wa ligi. Kiswahili kinaweza kuita mechi isiyo ya pointi kwa majina mengi, na kila moja lina kazi yake. "Kujipima nguvu" ni ya kabla ya msimu, kocha akitaka kuona nani aanze. Hapa haifai, kwani hakuna kocha anayejipima na kikosi atakachokuwa nacho jioni moja. "Mechi ya maonyesho" nilikuwa nikiikataa, maana neno maonyesho kwetu linavuta harufu ya Sabasaba, mabanda na vipeperushi. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba ndivyo ilivyo. Ligi inapanga bidhaa zake bora mezani ili mnunuzi wa matangazo na haki za televisheni apite azitazame. Kuanzia 1990 mechi ilikuwa ikitanguliwa na mashindano ya ufundi, ambayo ni banda la maonyesho kamili: nani ana mbio zaidi, nani analenga shabaha kwa usahihi, nani ana mkwaju mzito. Mwaka 2012 mjini Ottawa, Zdeno Chara, beki mrefu kutoka Slovakia, alipiga mkwaju uliopimwa kasi ya kilomita 175 kwa saa. Goli lilikuwa tupu. Asingepatikana kipa wa kukaa pale.

Ila bidhaa iliyoko mezani si ile ya dukani. Hoki ya ligi huchezwa kwa mabega. Kumgonga mwenye kisahani ni halali na ni nusu ya mchezo. Kwenye mechi ya nyota hakuna anayegonga, maana hakuna anayetaka kumvunja mbavu mwenzake wa siku moja, wala timu iliyomlipa mamilioni haitaki arudi na magongo ya hospitali. Matokeo yanasema yenyewe. Mwaka 1967 mechi iliisha 3-0. Mwaka 2015 iliisha 17-12. Walinda mlango wa siku hiyo wanastahili huruma.

Ligi ilipoona watazamaji wanapiga miayo, mwaka 2016 ilikata mechi vipande: kombaini nne, moja kwa kila kanda, wachezaji watatu kila upande ukiacha makipa, mechi fupi za vipindi viwili vya dakika 10, nusu fainali na fainali siku hiyohiyo, na dola milioni 1 kwa washindi. Yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya uwanja Jumamosi asubuhi kuangalia timu za benki na za wizara zikikimbizana anajua hilo linaitwaje. Ni bonanza. Siandiki hivi kwa mzaha. Siku moja, timu nyingi, mechi fupi za mtoano na zawadi mwishoni: sifa zote zimo. Kwa mtindo wa kuanzia 2016, "bonanza la nyota wa hoki" ni tafsiri sahihi kuliko yoyote iliyo na neno mechi, kwa kuwa haikuwa tena mechi moja.

Bonanza hilo la kwanza, mjini Nashville tarehe 31 Januari 2016, ndilo lililonirudisha kwenye nyota. Mashabiki walipewa kura mtandaoni za kuchagua manahodha. Wakamchagua, kwanza kwa utani, John Scott wa Arizona: mbabe wa timu, urefu mita 2 na ushee, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapiga ngumi wabaya wa upande wa pili. Mabao yake ya ligi yalikuwa 5 tu katika mechi 285. Ligi haikufurahi. Scott mwenyewe aliandika baadaye kwamba afisa mmoja alimuuliza kama watoto wake wangejivunia jambo hilo. Katikati ya sakata aliuzwa Montreal na kushushwa timu ya daraja la chini, watu wakadhani yamekwisha. Kelele zikawa nyingi, akaruhusiwa. Akaja akiwa nahodha wa kombaini ya Pasifiki, akafunga mabao mawili kwenye nusu fainali, kombaini yake ikachukua ubingwa kwa 1-0, na wenzake wakambeba mabegani. Jina lake halikuwemo hata kwenye orodha ya kupigiwa kura ya mchezaji bora. Mashabiki wakaliandika wenyewe, akashinda.

Mzungumzaji wa Kiswahili hapati taabu kulieleza hili. Yupo nyota kwa kipaji, na yupo mwenye nyota, ile ya kupendwa, ambayo watu huisema juu ya mtu anayekubalika bila sababu inayoonekana. Wachezaji waliokuwa Nashville siku ile wengi walikuwa nyota. Scott alikuwa na nyota. Tofauti ya "ni" na "ana" inabeba sakata zima, na kwa sababu hiyo silitoi neno nyota kwenye istilahi hata kombaini ingetosha peke yake.

Zimebaki tahadhari mbili. Mwishoni mwa msimu ligi hiyo hutangaza pia kikosi bora cha mwaka, kinachopigiwa kura na waandishi, na ambacho hakichezi popote. Kiingereza kinatumia neno lilelile. Sisi tuseme "kikosi bora cha msimu", maana kombaini isiyoingia uwanjani si kombaini.

Ya pili inahusu Februari 2025, mechi ya nyota ilipowekwa kando na nafasi yake kuchukuliwa na mashindano ya Kanada, Marekani, Uswidi na Ufini, mjini Montreal na Boston. Wachezaji walikuwa walewale, wakati wa mwaka uleule, na ligi ileile ndiyo mwandaaji, hivyo ilikuwa rahisi kuyaita ya nyota. Lakini hizo ni timu za taifa. Tarehe 15 Februari, Kanada na Marekani zilipokutana Montreal, mapigano matatu tofauti ya ngumi yalizuka ndani ya sekunde 9 za mchezo. Siku tano baadaye, Boston, Connor McDavid aliipa Kanada ushindi wa 3-2 katika muda wa nyongeza. Kuyaita maonyesho, au bonanza, kungekuwa kumtukana kila aliyetoka pale na mdomo uliovimba.