Walimnyonga Bila Kuwepo, Halafu Akajengea Maskini Maktaba

Hebu jiweke hapa. Serikali ya kwenu imekuhukumu kunyongwa. Wewe ushatoroka, uko nchi ya watu, doh huna na lugha yao huijui vizuri. Kwa sababu wamekukosa, wananyonga sanamu yako. Miezi kadhaa baadaye unapata barua. Kufungua, kumbe ni bili. Wanataka ulipie gharama za kesi na za kunyongwa kwako.

Si muvi hii. Ilimpata mtu anaitwa Antonio Panizzi, na jibu lake ndilo lilifanya nianze kumfuatilia. Aliwaandikia kama roho ya marehemu Panizzi, barua ikidai kutoka nchi ya wafu. Yaani mshaniua, sasa mnamdai nani?

Huyu jamaa baadaye ndiye alikuwa mkutubi mkubwa kuliko wote Uingereza. Najua ukisikia "mkutubi" unawaza yule mama wa kukufukuza ukila kripsi kati ya rafu. Tulia kidogo.

Alizaliwa 1797 Brescello, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja, ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mwenyewe, na Austria ikiwasimamia wengi wao kwa nyuma. Panizzi alisoma sheria Parma, akamaliza 1818, akarudi kwao kuwa wakili. Pembeni alikuwa kwenye Carbonari, chama cha siri cha watu waliotaka katiba na kutaka Waaustria waondoke. Mwaka wa 1822 mkuu wa polisi wa Modena akadungwa kisu akafa, na msako ukaanza. Watu wakakamatwa, wakabanwa mpaka wakataja majina. Panizzi akavuka mpaka kabla hawajamfikia. Alipofika Uswisi hakunyamaza, akaandika kijitabu kizima kueleza vile kesi zile zilikuwa za uonevu. Hapo ndipo wakamhukumu kifo.

Mei 1823 akaingia London akiwa hana kitu. Mshairi Ugo Foscolo, mkimbizi mwenzake, akampa barua ya kumpeleka Liverpool kwa mzee William Roscoe, na huko akaanza kufundisha Kiitaliano nyumba kwa nyumba. Tuseme tuition. Alikaa hivyo miaka mitano.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu video nyingi za watu kama hawa huruka sehemu hii na kukuambia ni bidii tu. Panizzi alikuwa na mtu. Akiwa Liverpool alifahamiana na Henry Brougham, wakili na mwanasiasa mzito, ambaye alimwingiza kufundisha Kiitaliano kwenye Chuo Kikuu kipya cha London mwaka wa 1828. Wanafunzi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na malipo yalitegemea wanafunzi. Kufikia 1831 Brougham alikuwa waziri na pia mmoja wa wadhamini wa British Museum, ambayo ndiyo iliyokuwa na maktaba ya taifa. Panizzi akapata kazi pale, msaidizi wa nyongeza wa mkutubi. Bila Brougham hatungekuwa tunamtaja leo. Bidii alikuwa nayo, lakini bidii bila mlango hukaa nje.

Mwaka wa 1836 kamati ya bunge ikamwita kutoa maoni kuhusu hiyo taasisi. Kumbuka bado ni msaidizi tu, mkimbizi, Kiingereza chake kina lafudhi mpaka mwisho wa maisha yake. Akawaambia wabunge kwamba anataka mwanafunzi maskini awe na nafasi ileile ya kufuata kiu yake ya elimu kama tajiri mkubwa kuliko wote katika ufalme, upande wa vitabu, na kwamba ni kazi ya serikali kugharamia hilo. Alisema hivyo mbele ya watu ambao nyumbani kwao walikuwa na maktaba zao wenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Unajua kitu cha kwanza kufa? Kadi ya maktaba. Hosteli walinipa wiki ya kuhama, lakini geti la maktaba lilinikataa siku ileile. Soja akanitazama, akasema, "Pole sana, mfumo umekutoa." Kwa hivyo nikisoma kuhusu mtu aliyelisema neno hilo bungeni mwaka wa 1836, siwezi kulipita haraka.

Mwaka uliofuata alipandishwa kuwa mkuu wa idara ya vitabu vilivyochapishwa. Waingereza wakawaka. Msaidizi aliyekuwa juu yake, Henry Cary, aliyemtafsiri Dante kwa Kiingereza, aliachwa, na akapeleka malalamiko yake magazetini. Inasimuliwa kwamba kwenye mkutano mmoja wa hadhara mtu alidai Panizzi ameshawahi kuonekana barabarani London akiuza panya weupe. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kumwambia mgeni arudi kwao.

Na ni nini huyu mgeni alifanya cha maana? Mambo ya kuchosha, kwa kweli. Sheria za katalogi. Alikaa na wenzake wakaandika kanuni 91 za jinsi ya kuorodhesha vitabu, zikachapishwa 1841. Kitabu kisicho na jina la mwandishi kinawekwa wapi? Mwandishi mwenye majina matatu je? Kitabu kilichotoka mara saba, kila toleo likiwa tofauti kidogo? Kama hakuna kanuni moja, kila karani anaandika anavyojisikia, na kitabu kinapotea kikiwa palepale kwenye rafu. Anayeumia ni nani? Tajiri ana mtu wa kumtafutia. Yule wa kawaida amekuja na siku moja tu ya kusoma, na jioni anarudi kazini.

Wakubwa hawakuona hivyo. Wadhamini walitaka katalogi ichapishwe haraka, na Panizzi akasema kuchapisha kazi nusu ni kupoteza pesa. Wakagombana miaka. Mwishowe ikaundwa tume ya kifalme, 1847 hadi 1849, kuichunguza taasisi nzima. Hapa kuna kipande nakipenda sana. Katibu wa tume yenyewe, John Payne Collier, alikuwa anaamini katalogi ni kazi rahisi. Akajitokeza kuonyesha: akaorodhesha vitabu 25 kwa saa moja hivi. Panizzi hakubishana. Akachukua zile karatasi 25, akampa msaidizi wake Winter Jones azikague. Karibu kila moja ilikuwa na kosa, na nyingine zaidi ya moja. Majina yamekosewa, matoleo yamechanganywa. Jones akasema humo mna karibu kila aina ya kosa ambalo mtu anaweza kufanya akiorodhesha kitabu. Tume ikamuunga mkono Panizzi. (Huyo Collier, by the way, miaka kumi baadaye alianikwa kuwa alikuwa anaghushi maandishi ya zamani yanayomhusu Shakespeare. Nimeiacha hapo.)

Halafu kuna sheria ya nakala ya lazima. Sheria ya 1842 ilimtaka kila mchapishaji Uingereza kuipa British Museum nakala ya kila kitabu. Wachapishaji walikuwa wanaipuuza tu, kama vile sisi na mikanda ya matatu. Panizzi akapata idhini ya kuwashtaki kwa niaba ya wadhamini, na kuanzia mapema miaka ya 1850 akawapeleka kortini, wadogo kwa wakubwa. Wakamchukia. Vitabu vikaanza kumiminika.

Vingine vilikuja kwa urafiki. Kulikuwa na mzee tajiri, Thomas Grenville, mwenye mkusanyiko wa vitabu adimu zaidi ya 20,000. Panizzi alikuwa akimtembelea, wakawa marafiki wa kweli. Grenville alipofariki 1846, wosia ukasema vitabu viende British Museum. Na sababu yake ikaandikwa humo: sehemu kubwa ya vitabu hivyo alivinunua kwa pesa za cheo fulani cha serikali ambacho hakikuwa na kazi yoyote. Mshahara hewa, kwa Kiswahili chetu. Mzee alihisi pesa zilikuwa za umma, basi vitabu virudi kwa umma. Nimejaribu kufikiria mtu mmoja wa hapa kwetu akiandika wosia wa hivyo. Naendelea kufikiria.

Vitabu vikawa vingi kuliko nyumba. Panizzi alipochukua idara vilikuwa kama 235,000, na kwa mikono yake vikafika karibu 540,000. Wasomaji walikuwa wamebanana, hewa mbaya, watu wakilalamika kuumwa na kichwa kila wakitoka. Katikati ya jumba kulikuwa na ua mkubwa usiotumika. Tarehe 18 Aprili 1852 Panizzi akachukua karatasi akachora mchoro: chumba cha duara katikati ya ule ua, kuba juu, na rafu za chuma kukizunguka. Msanifu Sydney Smirke akaufanya uwe jengo. Kikafunguliwa Mei 1857. Kuba lina upana wa futi 140, limepitwa kidogo tu na lile la Pantheon kule Rome. Nafasi za watu kama 300, kila mtu na meza yake na mahali pa kuweka kalamu, na chini mabomba ya maji moto kwa ajili ya miguu. Katikati kabisa ni meza ya wakutubi na katalogi. Mwaka mmoja kabla ya kufunguliwa, Panizzi alikuwa ashafanywa Mkutubi Mkuu, bosi wa British Museum yote.

Thomas Carlyle, mwandishi maarufu wakati huo, aliomba chumba chake peke yake cha kusomea. Akanyimwa. Meza ni zilezile kwa kila mtu. Carlyle ndiye aliyeandika mwaka wa 1849 makala ya kudharau watu weusi wa visiwa vya Karibi waliotoka utumwani, kwa hivyo mimi hiyo "hapana" naisoma kwa raha mara mbili. Na nani alikaa kwenye meza hizo? Karl Marx, mkimbizi mwingine, miaka nenda miaka rudi. Lenin alikuja 1902 akajiandikisha kwa jina la uongo, Jacob Richter.

Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, wenzake wengine hawakumpenda kabisa, na Frederic Madden wa idara ya miswada alijaza shajara zake kwa hasira juu yake. Pia tiketi ya kusoma ilihitaji barua ya mtu anayeheshimika kukupendekeza. Yule mwanafunzi maskini wa 1836 bado alihitaji kuwa na mtu, kama vile Panizzi mwenyewe alikuwa na Brougham.

Kwao hakukusahau. Miaka ya 1850 alichangisha pesa kununua meli ya kwenda kuwatorosha wafungwa wa kisiasa waliofungiwa kisiwa cha Santo Stefano, mkuu wa maktaba akipanga jailbreak kutoka ofisini. Meli ikazama kabla ya kazi. Italia ilipoungana wakamfanya seneta. Alistaafu 1866, akafa London Aprili 1879.

Sasa tuje Nairobi, kwa sababu ufalme uliojenga lile kuba ndio uliotutawala. Mwaka wa 1931 pale Banda Street ilifunguliwa McMillan Memorial Library, nguzo mbele, simba wawili wa mawe kwenye ngazi. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kuzoa vumbi la vitabu vile, kusoma hapana. Ilibaki hivyo mpaka 1958. Hesabu: ni miaka 122 tangu Panizzi awaambie wabunge wa nchi ileile habari za maskini na tajiri. Walilisikia neno, wakalijengea kuba kwao, na walipokuja huku wakaliacha bandarini.

Leo unaingia McMillan, mimi huingia. Makadara na Kaloleni, maktaba ndogo zilizokuwa zimechoka, zimekarabatiwa na Book Bunk wakishirikiana na watu wa mtaa, na ukienda Jumamosi utakuta watoto wamejaa. Kwa Panizzi vita vilikuwa katalogi, sheria, meza na mabomba ya maji moto. Huku kwetu ni kiti, stima, choo kinachofanya kazi, na saa za kufungua ambazo mtu anayetoka kazini saa kumi na moja anaweza kuziwahi.

Niambie, maktaba iliyo karibu na kwenu inafungwa saa ngapi? Na soja wa getini anaitisha nini?