Makaburi Katikati ya Ngano

Ukitoka Singida Mjini kwa barabara ya Babati, Mlima Hanang huanza kuonekana kabla hujafika Katesh. Kaskazini magharibi mwa mlima huo kuna tambarare za Basotu, malisho ya kale ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga kama wenzao walioko Singida.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kwa msaada wa Canada ilianza kulima ngano huko. Shirika la umma, NAFCO, likafikisha mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000. Katika mipango, ardhi ile ilihesabiwa kuwa haina kazi. Kumbe wafugaji walikuwa wakihamisha ng'ombe kwa zamu, na tambarare zenye rutuba, muhajega, zikipumzishwa sehemu ya mwaka. Mzee yeyote angeulizwa, angelieleza hilo kabla chai haijapoa.

Makaburi nayo yalikuwa humo. Mzee wa heshima akifariki, Wabarabaig humjengea bung'ed, kilima cha udongo kinachoinuliwa kwa miezi, na uzao wake hurudi hapo kutambika. Trekta zikalima juu ya baadhi ya vilima hivyo. Hakuna fidia ya mazao inayolipa kaburi la babu.

Kijiji cha Mulbadaw kikaishtaki NAFCO, na mwaka 1984 kikashinda katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu zake: wengi wa wadai hawakuthibitisha kwamba ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi ya 1923, sheria ya mkoloni! Wabarabaig wengine wakafungua kesi mpya. Mwaka 1989, ikiwa bado mahakamani, serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika ardhi hiyo.

Tume ya ardhi ya Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi kusikiliza malalamiko ya namna hii, na mwaka 1999 ikapatikana Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Sasa serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukataa. Ikizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo, na Waziri ndiye anayeamua. Shamba moja la Basotu lilikuwa kama hekta 4,000.